Ndege ya Kitambaa

Abu Hamour, Doha
Jumapili

Mama,

Habari za Maktau, na mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Tangu simu ya msiba sijalia hata mara moja, na sijui kwa nini. Nimekufa ganzi tu.

Hapa makumbusho ninapolinda wamenihamishia kwenye ukumbi wa maonyesho ya ndege za zamani za vita. Nalinda moja ya vita vile vya Mjerumani, ya mtu mmoja, mabawa juu na chini, bunduki mbele ya kiti. Kando yake pana picha ya rubani, kijana hata ndevu hana. Anayetembeza wageni huwaambia kwamba marubani hao hawakupewa parachuti. Nayasikia hayo mara sita kwa siku.

Ndege yenyewe ni kitambaa, Mama. Bawani mna viraka palipopita risasi, vimeshonwa kwa sindano na kupakwa vanishi. Unakumbuka Baba akisimulia jinsi babu yake alivyobeba madebe ya petroli kwenye uwanja wa ndege wa Maktau, akashikilia bawa likishonwa? Nilimcheka mbele ya wageni: "Baba, hiyo ni ndege au kaptula?" Hakuisimulia hadithi hiyo tena. Nilipoviona viraka wiki juzi nikasema Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nitampigia nimwombe radhi. Alifariki Alhamisi.

Lakini kilichonifanya niandike ni kingine. Uliponiuliza kwenye simu, "Tukusubiri?" nilikujibu, "Nisubirini, nimepewa ruhusa." Nilikudanganya. Nilikuwa hata sijaomba. Niliomba kesho yake, msimamizi akasema, "Rafiki, mpaka maonyesho yaishe." Ni miezi miwili, na bila karatasi yake sitoki nchi hii. Nasikia mmekaa matangani siku tisa, na wazee wanasema udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mwana wa kwanza. Kila ukinipigia nashindwa kusema. Naona aibu.

Nisalimie shangazi anayekupikia siku hizi, na mdogo wangu fundi cherehani. Mwambie asinikasirikie sana.

Barua hii anakuletea Mwakio, jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, anakuja likizo. Baba hakumjua, lakini amekubali kusimama mahali pangu. Mpeni udongo autupe kwa jina langu. Msinisubiri tena, Mama. Mzikeni Baba.

Mwanao,
Mghanga