Chupa Bapa ya Baba

Frenchville, Maine
Jumapili, Februari

Kaka Rosaire mpendwa,

Natumaini u mzima huko kambini, na wapishi wenu wamejifunza kutia chumvi. Sisi hatujambo, isipokuwa vidole vya mguu wangu wa kushoto, ambavyo nitakuja kuvieleza. Nakuandikia kwa Kifaransa chetu cha nyumbani, si Kiingereza cha shule, ili wenzako wasichungulie.

Siku ulipoondoka uliniinamia ukaninong'oneza, "Odile, mchunge Baba." Nimemchunga. Mama naye ameapa kwamba Baba akirudia kunywa, hata tone, mimi na yeye tunahamia kwa Bibi, Baba abaki na mbwa.

Msimu huu Baba ametengeneza jiko la spiriti kwa makopo mawili ya soda, akayatoboa vitundu kwa pini, la kuchemshia chai tukivua samaki kwenye ziwa lililoganda. Anasema jiko la gesi hununa kwenye baridi. Nililicheka. Akaniambia, "Cheka tu, mama, utaliomba chai."

Kilichonitia shaka ni ile chupa bapa ya bati, ile aliyokuwa akinywea pombe zamani. Ziwani Baba alikuwa anageuka, anaingiza mkono ndani ya koti, anaipapasa kwapani, anafunga zipu. Nikamuuliza ana nini humo. Akajibu, "Mke wangu wa pili," akacheka peke yake.

Spiriti ya jiko niliijua: chupa ya njano inayouzwa kituo cha mafuta, nayo ilikuwa garini. Sasa hii ya kwapani ya nini? Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, alipotoka kupasha gari moto, koti likiwa bado msumarini, niliifungua. Harufu kali kama ya pombe ikanipanda puani. Niliimwaga kwenye theluji, nikajaza maji ya bomba.

Ziwani nikakanyaga tope la barafu, kiatu kikajaa maji. Baba alinikalisha kwenye sleji ya kukokotea mizigo, akanivua kiatu, akamimina kwenye jiko kile kilichokuwa chupani. Kiberiti kikazimika. Cha pili pia. Kisha juu ya kopo ukatanda utando wa barafu.

"Spiriti haigandi, Odile," alisema polepole. "Ila ikipoa haishiki moto. Ndiyo maana naibeba kwapani. Nani kaibatiza kwa maji?"

Aliitazama chupa, akanitazama mimi, akaelewa. Akafungua koti, akauingiza mguu wangu kwapani, pale pale ilipokuwa chupa. Mama tulimwambia jiko lilikuwa bovu. Baba ndiye aliyesema hivyo.

Sasa chupa naibeba mimi. Alinipa mwenyewe. Lakini kaka, nikuambie lile nisilomwambia mtu: bado naitikisa kila asubuhi nisikie kama imepungua. Na jana Baba aliponiinamia kunibusu, nilivuta pumzi kumnusa mdomo. Alijua. Hakujitoa. Alisubiri nimalize.

Ukija likizo usininong'oneze tena kitu. Mchunge wewe.

Mama anakusalimu, mbwa pia. Jikinge na baridi.

Mdogo wako,
Odile