Biblia Ndani ya Mkoba

Jumanne jioni

Nimeikuta kwa mkoba nikitafuta ufunguo wa nyumba: Biblia ya kamati ya bunge la kaunti. Haikutoka humo siku nzima.

Mimi ndiye karani, kazi yangu ni kuapisha mashahidi. Mwenyekiti alisema, "Tuanze haraka, niko na kikao ingine," na mkandarasi wa maji akaanza kuongea. Nikasahau. Saa nzima ametuambia ati maji yamefika mtaa wa Skuta, na hakuwa ameapa.

Nikinyamaza, hawezi kushtakiwa kwa uongo wake. Nikisema, ataitwa tena, lakini kazi yangu...

Nimezunguka nyumba hii sijui mara ngapi. Naishi Skuta. Nimefungua mfereji ninawe uso, ukatoa hewa tu.

Kesho nitafika kwa mwenyekiti kabla hajanywa chai.