Tisa Kamili, Siku Tatu

Makazi ya wafanyakazi, bwawani
3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila jua limetukausha. Ziwa limeshuka mpaka wavuvi wanatembea kwa miguu pale walipokuwa wakipiga kasia.

Nina habari, kaa kwanza. Nimepewa kazi ya kuandika upya kanuni za kufungua milango ya bwawa ya kumwagia maji. Kabla ya mvua kuanza lazima tujue mto huu umewahi kujaa kiasi gani. Nikateremka stoo ya kumbukumbu, nikafungua sanduku, nikakutana na mwandiko wako! Miaka kumi na tisa ya vipimo vya mto, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, tangu ulipoanza kufundisha shule ya ukingoni mpaka ukuta wa bwawa ulipojengwa, nanyi mkahamishwa. Hakuna kumbukumbu nyingine ya enzi zile. Jina lako nimeliweka ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Kitu kimoja tu. Kwenye yale mafuriko makubwa umeandika mita tisa kamili, siku tatu mfululizo. Mto gani hutulia hivyo, Shangazi? Au uliukaripia?

Mwanao,
Kiherehere


10 Julai

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Goti linanuna, ndiyo kazi yake. Natumaini unakula kabla ya kwenda zamu, si baada.

Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Ukurasa wa kwanza! Siku nzima nilitembea kichwa juu. Hata muuza maziwa alisomewa. Jioni nikafika tena pale ulipouliza, nikaiweka barua kabatini.

Mto haukutulia. Mlingoti wa kipimo uliishia mita tisa. Asubuhi ile nilishuka ukingoni nisiuone. Maji yalikuwa yameupita, mekundu, yanakokota magogo. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeandika maneno machache pembeni mwa fomu, ikarudishwa kutoka ofisini na wino mwekundu: “Mwalimu, tunataka tarakimu, hatutaki insha.” Basi nikaandika tarakimu ya mwisho niliyokuwa nayo. Tisa. Kesho yake tisa. Keshokutwa tisa. Mimi, ambaye wanafunzi walinipachika jina la Mwalimu Mita, niliyekuwa nawarudisha ubaoni kwa nusu sentimita!

Nilifikiria kunyamaza. Ningebaki ukurasa wa kwanza. Lakini wanaoishi chini ya ukuta wako wangelala wakiitegemea tisa yangu.

Sikiliza. Asubuhi ya siku ya pili, saa yangu ile ile, maji yalikuwa darasani na yalikuwa yamefika kilele. Mchana yakaanza kushuka. Nilichukua bikari ya ubaoni, ile ya chuma, nikakwaruza mstari pale yalipokuwa yamefika, kwenye nguzo ya zege ya baraza, darasa la tatu, upande wa mlango. Sikumwambia mtu. Baadaye likaja bwawa la umeme, shule ikalala chini yake, na sisi tukapangiwa nyumba huku mlimani. Sijalinunia. Kila nikichomeka pasi najua kwamba maji yaliyolifunika darasa langu ndiyo yanayoninyoshea gauni, na huwa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Ziwa likiwa limeshuka unavyosema, mstari utaonekana. Nenda kaupime. Jina langu liondoe.

Shangazi yako


5 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa tope kwenye karatasi.

Tulikwenda, mimi na wapimaji wawili. Shule haina paa, lakini kuta zimesimama hadi madirishani na nguzo zote zipo, zimegandwa na tope. Tulikwangua mbili, hakuna kitu. Mpimaji mmoja akasema tunapoteza siku kwa ndoto ya kibibi. Mzee anayetuendeshea boti akamgeukia:

“Kibibi gani? Mwalimu Mita? Yule alinipimia hata kucha! Akisema ipo, ipo. Nipe hilo koleo.”

Alikwangua ya tatu. Mstari upo, Shangazi, mnyoofu kuliko wa kwangu wa jana ofisini, na chini yake tarehe. Mzee akavua kofia, akasema, “Shikamoo, Mwalimu,” kwa nguzo. Hakuna aliyecheka.

Kimo cha sifuri ya mlingoti wako, pale kipimo kilipoanzia, tunacho kwenye ramani ya zamani. Tumepima mara tatu: mita kumi na moja na sentimita arobaini. Zaidi ya mita mbili juu ya tisa. Kanuni yangu ya kwanza ingechelewa kufungua milango kwa karibu siku nzima. Mpya imepitishwa na kamati juzi, kwa kura zote.

Mwenyekiti wa kamati aliuliza kama jina lako litoke. Nilimjibu kwamba msomaji wa kipimo anayejitoa mwenyewe ukurasa wa kwanza ili takwimu ziwe sahihi, huyo ndiye wa kuwekwa ukurasa wa kwanza. Limebaki.

Ila kuna kanuni ya madaftari, na wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa na miaka saba: kosa halifutwi kwa raba. Hukatwa kwa mstari mmoja, ili lisomeke, na aliyeandika ndiye anayesahihisha na kutia sahihi. Mimi siruhusiwi kuligusa. Nimekuletea fomu halisi ya siku zile tatu humu ndani. Usiikunje.

Mwanao,
Kiherehere


20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sikuikunja. Nimeirudisha katikati ya kadibodi mbili, na muuza maziwa amenishikia rula kwa sababu mkono wangu siku hizi una maoni yake.

Siku ya pili nimekata tisa, nimeandika 11.40. Siku ya kwanza na ya tatu pia nimekata tisa, lakini sikuweka tarakimu. Nimeandika: haikusomwa. Nilitamani kukadiria, ningeweza kukadiria vizuri. Sikukadiria. Sahihi yangu iko mara tatu, na chini yake nimejaza kazi yangu kama zamani: msoma mto.

Pembeni mwa siku ya pili utaona maneno: “Maji mekundu, yanakokota magogo, yamefika darasa la tatu.” Ofisi yako ikisema haitaki insha, waambie ni amri ya Mwalimu Mita. Wasipunguze hata neno.

Shangazi yako