Mshono wa Baba Yako

Buseresere

Kudra mwanangu,

Marahaba. Pamba imestawi, na baba yako amerudi toka hospitali akitembea mwenyewe. Daktari alimpa hiari: saratani ya kongosho itolewe kwa matundu madogo yenye kamera, apone upesi, au afunguliwe tumbo. Akajibu, "Mimi mchimbaji. Tundu ni la kuchungulia. Kazi hufanywa duara la mgodi likiwa wazi." Sasa kila mgeni anapandishiwa shati auone mshono, nami najidai kuliko yeye!

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu yeye hukaa pembeni akisikiliza. Walipomfungua walikuta saratani imeshafika kwenye ini, wakamshona bila kutoa kitu. Anajua, na bado anapandisha shati. Njoo kabla ya mavuno, akuoneshe na wewe.

Mama yako, mke wa mwanamume huyo,
Zipora