Muthiga wa Bustani ya Mji

Nakuru, Jumanne, Februari 1957

Jua kali, upepo kutoka ziwani, vumbi mpaka ndani ya chai. Niliamka na hasira isiyo na mtu. Haikukaa sana bila kazi.

Asubuhi tulimwagilia jakaranda changa kwa madebe. Udongo wa hapa ni kama majivu. Unamwaga maji, ukigeuka ni kana kwamba hukumwaga kitu. Mimi ni nyapara wa bustani ya mji, nimeajiriwa na Munisipaa, nalea miti ambayo kivuli chake watakikalia wengine. Sisemi hivyo kwa uchungu. Jakaranda zenyewe bado hazinifiki kiunoni, na kivuli cha kweli tunacho kimoja tu, cha muthiga mkubwa ulioachwa pori lilipofyekwa.

Huo muthiga unakufa.

Bwana wa bustani, mzungu anayetusimamia, ndiye aliyeona majani yanakunjamana. Akalizunguka shina, nami nikamfuata nyuma. Gome limebanduliwa pande zote, duara kamili. Mti ukifanyiwa hivyo hauponi.

Gome la muthiga ni dawa, kali kama pilipili, linachemshwa kwa kikohozi na tumbo. Na lina adabu yake. Unatoa ukanda mmoja upande jua linakotokea na mmoja upande linakotua, unapaka kidonda tope, unaondoka. Sehemu iliyobaki unauachia mti ujiponye. Huko msituni adabu hiyo inatosha, maana miti ni mingi. Hapa mti ni mmoja na mtaa wetu mzima wa Bondeni unakohoa. Kila aliyekuja alikuta upande wa jua umeshakatwa, akasogea kidogo, akatoa ukanda wake, akapaka tope. Tope lenyewe linaonekana, kuukuu kwa jipya. Hakuna aliyekata vibaya. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kimejaa.

Bwana hakutaka kusikia habari za adabu. "Mimi nataka jina kesho asubuhi," alisema. "Kama hapana jina, askari nafukuzwa."

Askari wa bustani, mlinzi wa langoni, ni Mzee Kamau. Siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu akikosa kazi Nakuru amekosa na pasi ya kukaa mjini, na akikosa pasi anapakiwa kwenye lori kupelekwa rizavu, nchi waliyotengewa Wakikuyu. Mzee huyu alizaliwa shambani kwa mzungu upande wa Rongai. Huko rizavu wanakosema ni kwao hajawahi kukanyaga.

Nilimwendea pale langoni nikamuuliza kwa nini aliwaachia watu wakate.

"Mama anakuja, mtoto anakohoa mgongoni," alisema. "Nimwambie nini? Kwamba mti ni ya Munisipaa?"

Nikamuuliza nani alikata mwisho. Akafunga vifungo vya koti lake kuukuu, kwa jua lile.

"Nyapara, enda nyumbani ukule."

Nikamshikilia anijibu.

"Ya mwisho ni Mama Ezekieli," alisema. "Alitoa kidogo tu. Na akapaka tope mzuri."

Mama Ezekieli ni mke wangu.

Dawa nilijua ipo nyumbani. Wiki iliyopita Ezekieli alikohoa mpaka tukaogopa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshikia kikombe. Sikuuliza imetoka wapi. Nilidhani sokoni.

Jioni nilimweleza mke wangu, Rodah. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. "Kwani ni mimi peke yangu?" aliuliza. Watu wote wa mtaa huu wanaweza kuuliza hivyo hivyo, na wote watakuwa wamesema kweli.

Nimekaa nikipima. Nikisema gome lilikatwa na watu wa nyumba yangu, kazi imekwenda, na hiki chumba cha Munisipaa kimekwenda nayo. Lakini mimi ni Mragoli, si Mkikuyu. Nitabeba godoro, nitapata kibarua kwenye shamba lolote la mahindi, na hakuna lori litakalonisubiri. Nikinyamaza, litakuja kumchukua mzee ambaye hata langoni alijaribu kunificha jina la mke wangu.

Tangu jioni nimekuwa nikijiambia kwamba Kamau hana watoto wadogo. Kwamba kulinda mti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwamba huenda Bwana alikuwa anatisha tu. Najiona ninavyookota visababu kama mtu anayeokota kuni, na sipendi ninachokiona.

Ezekieli amelala. Nimeweka sikio kifuani pake. Pumzi inapita vizuri, hakuna kikohozi.

Kesho asubuhi Bwana atapata jina lake. Litakuwa langu, si la Rodah, wala si la Mzee Kamau. Naogopa. Nimeandika hapa ili kukipambazuka nisijidanganye kwamba nilikuwa bado nafikiri.