Kamera Isiyolia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Shingo tena! Mkanda wa Mzee umeniachia alama begani utadhani nimebeba gunia la mchele. Mzee ni kamera yangu kubwa, ndiye anayenilisha tangu nifungue studio hii. Lakini mzito! Na lenzi zake zinajaza begi zima. Leo nikivuka mto kurudi kutoka Alunguli, askari wa bandarini walimwaga vyote juu ya meza. Eti namfanyia nani kazi? Eti bomba hili, yaani lenzi ndefu, linapiga nini? Nikasema linapiga mabibi harusi. Hawakucheka. Tangu Goma na Bukavu zichukuliwe na waasi, hakuna anayecheka na mtu mwenye kamera.

Béatrice, anayejificha kwangu, aliniona nikijikanda mafuta. Akaingia chumbani, akatoka na kamera yake ndogo. Mimi huniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, ubebe hii. Haina buzito."

Ndiyo aliyotoroka nayo Bukavu, kaifunga tumboni chini ya kitenge. Naye alikuwa mpiga picha kule, kazi moja na mimi. Kamera yake kubwa aliiacha nyumbani. Anasema angekuja nayo asingefika.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeizoea haraka mno, namwonea Mzee haya. Inaingia mkobani pamoja na mtandio na funguo. Lenzi zinabadilishwa vilevile: zungusha, toa, weka nyingine. Picha safi hata ndani ya nyumba zenye giza. Béatrice kanieleza kwamba ndani ya Mzee kuna kioo kinachoruka kila ukibonyeza, ndicho kinacholia klak! Hii haina kioo. Na ule mlio mdogo uliobaki ameuzima mwenyewe. Kimya hicho ndicho kilichomwokoa, siku alipopiga picha za yale waasi waliyoyafanya sokoni. Nilitaka kuuliza zaidi. Alikunja uso, nikaacha.

Ubaya wake: inakula betri vibaya, na umeme wa hapa tunaujua. Halafu wateja! Mama mmoja leo kaniuliza mbele ya watu: "Halima, hii njo kamera ao njo ya kuchezesha batoto?" Wanataka kitu kikubwa, wajue pesa yao imekwenda wapi. Nimenuna mpaka saa sita.

Na jambo jingine, hili si la kucheka. Tangu Béatrice aje kujificha kwangu tuna desturi yetu. Anapita mlango wa uani. Akisikia klak anajua nina mteja, anakaa jikoni mpaka mtu aondoke. Leo nampiga polisi picha ya kitambulisho kwa hii ndogo – mara huyo, kaingia na sahani ya sombe, kisamvu chetu! Polisi alitazama sombe tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mardochée, mpiga picha wa Punia, anataka kumnunua Mzee. Nimemkubalia, aje amchukue wiki ijayo. Béatrice anasema nifanye hivyo, dunia nzima inahamia kwenye ndogo. Mimi moyo unauma kidogo. Katika vita vile vya zamani baba alificha kamera yake ndani ya unga wa muhogo, na ikatoka nzima. Huyu Mzee ungehitaji unga wa kijiji kizima.

Kesho harusi ya Nuru, Alunguli, upande wa wanawake. Shangazi yake, Bi Aziza, kaja kunipa masharti kana kwamba ndiyo harusi yangu ya kwanza. Nayajua. Ndani wanawake wanafungua vichwa, wanacheza. Asiyetaka kuonekana anajifunika akisikia klak. Mwisho nampa shangazi kadi ya kamera yenye picha zote mlangoni, siendi nayo kwangu.

"Sasa hii yako hailie," akasema. "Tutajua namna gani?"

Nikaahidi kupaza sauti kila mara kabla ya kubonyeza. Béatrice atanishikia taa. Amechoka kukaa ndani kama mgonjwa. Amenishika mkono: nipige wote, yeye nisimpige. Nimeapa.

Jumapili, 9 Novemba

Mungu wangu.

Niandike taratibu. Jana nilipiga kelele "Picha!" mpaka koo likakauka. Wanawake walizoea, wakawa wananiigiza. Ngoma ikapanda. Nuru kaketi katikati, kajistiri vizuri, anapakwa hina. Nyuma yake Béatrice na taa. Bibi mmoja mnene akateleza, akaangukia mito, akaanza kucheza hukohuko chini – na Béatrice akacheka. Akacheka! Kichwa nyuma, meno yote nje. Sijawahi kumwona hivyo tangu afike.

Nikabonyeza. Sikupaza sauti. Ningepaza, kicheko kingekufa. Nikajiambia nitaifuta kabla ya kutoa kadi.

Mlangoni Bi Aziza yuko na mkono wazi, mkono wa pili na sahani ya pilau ya kunifungia. Watu wanasukumana, tunaagana, tunabusiana. Nikatoa kadi. Nilikumbuka tukiwa katikati ya mto, Béatrice kando yangu anaimba kwa pua.

Leo asubuhi nimevuka tena, peke yangu. Bi Aziza kaniapia kwamba hakuna picha ya mwanamke aliyefungua kichwa itakayotoka nje ya nyumba ile. Nikauliza, na yule dada wa taa?

"Ule? Ule njo mukristo, hana cha kufunika."

Hakuna aliyeona ubaya. Nuru alikwishaiweka kwenye status yake ya WhatsApp: yeye mbele, amejistiri, na Béatrice nyuma anacheka. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Nilimwomba aifute. Maskini Nuru kaifuta mbele yangu, huku analia bila kujua analilia nini. Lakini ilishinda pale tangu jana. Ana marafiki Kisangani, ana rafiki wa shule mpaka Bukavu.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemwambia.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga kofi. Aliuliza ni akina nani walioiona, nikasema sijui. Akachambua mchele. Halafu:

"Yaya, ilikuwa muzuri?"

Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, mtu mzima.

Ijumaa kuna mtumbwi wa mashine unaoshuka Lokandu. Mwenye mtumbwi anamfahamu mama yangu. Ataondoka nao.

Jumatano, 12 Novemba

Mardochée kaja kumchukua Mzee. Nimemwambia arudi wiki ijayo. Kanuna, kasema mimi si mtu wa neno. Sawa. Béatrice kaomba nitumie Mzee mpaka aondoke, anataka kusikia klak. Tangu jana nafanya kazi naye tu, na shingo inaniuma, na nafurahi kwamba inauma.

Hakuna umeme tangu jana. Betri ya Mzee inapepesa nyekundu. Jirani mwenye paneli ya jua kasafiri hadi mji wa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mwanamume yuko mbele yangu, ameketi kwenye kiti cha wateja. Naandika hapa, anadhani ni risiti.

Béatrice alitoka mapema kumwona mwenye mtumbwi. Atarudi kabla ya adhuhuri, kwa mlango wa uani. Adhuhuri imekaribia.

Huyu amekuja na viatu safi. Mvua ya jana, tope la mtaa mzima, yeye viatu safi! Kaniamkia vizuri sana. Katoa simu. Picha yangu ile ya harusini. Nuru kaondolewa, kabaki Béatrice na kicheko chake.

"Mama, huyu njo dada yangu. Tunamutafuta tangu vita. Banasema ni weye ulipiga hii foto."

Nikasema napiga watu wengi, nitamjuaje kila mmoja.

"Béa," akasema. "Kwetu tunamwita Béa."

Béatrice aliniambia mama yake tu ndiye aliyemwita hivyo. Hajawahi kunitajia kaka. Lakini mimi naye, nimemuuliza lini? Macho yake yana maji kidogo. Au ni moshi wa jirani.

"Nitangoja," kasema.

Nikamwambia, basi wakati anangoja nimpige picha ya kitambulisho, zawadi, kwa kuwa ametoka mbali. Akaelekeza kidole kwenye ile ndogo. Nikasema hapana, mgeni wa heshima anapigwa kwa kubwa. Nikamnyanyua Mzee.

Klak!

Sijawahi kuupenda mlio kama huo. Halafu taa nyekundu ikazima. Betri imekufa, kioo kimebaki juu, ndani ni giza tupu.

Nimemuuliza jina la kuandika kwenye risiti. Kafikiri. Mtu anafikiri jina lake? Kasema niandike Dieumerci tu.

Mlango wa uani umelia. Nimeusikia. Sijui alikuwa karibu kiasi cha kusikia klak, au alikuwa bado njiani.

Nyayo. Zinakuja. Zimefika jikoni.

Zimesimama.

Naye amesikia. Kageuza kichwa kuelekea pazia la jikoni. Kauliza nani iko kule. Nimesema mbuzi wa jirani, hawana adabu. Katabasamu. Kaweka simu mfukoni, kaketi sawasawa, kanyoosha kola.

"Mama, upige ingine. Ile ya kwanza nilifunga macho."

Nimemwambia angoje kidogo, namalizia risiti. Béatrice yuko nyuma ya pazia, anangoja klak ya pili ajue mtu bado yupo. Isipolia, atatoka. Mzee amekufa mkononi mwangu. Ndogo iko mezani, betri yake imejaa ila haimwingii Mzee, na yenyewe haina sauti.

Mgeni anainuka –