Kijiti cha Mkuyu, Barabara ya Boma

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Nimefagia uwanja. Nimekwenda kazini dukani kupima ngozi, nimerudi. Mkuyu ulio mbele ya nyumba umepakwa chokaa. Mstari mweupe kuzunguka shina, chini kidogo ya msumari wa Nyemo.

Bi Zuhura, jirani yangu, anasema barabara ya kutoka stesheni kwenda boma inapanuliwa. Kila mti wenye chokaa utakatwa. Nilisikia. Sikuhisi kitu. Mke wangu Nyemo yuko kaburini tangu mavuno.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Wameukata. Shoka liligonga msumari, likapata pengo. Mkataji akamtukana aliyeupigilia. Aliyeupigilia ni Nyemo. Aliuokota kwenye tuta la reli, akawa anatundika ungo wake hapo akimaliza kupepeta uwele. Sikumwambia. Niliuokota majanini, nikautia mfukoni.

Sikula.

Jumamosi, tarehe 16 Novemba

Akida ametangaza sokoni amri ya boma. Palipokatwa mti, mwenye nyumba atapanda mjohoro, kwenye mstari wa kamba. Ataumwagilia. Ataufunga kwenye kijiti upepo usiuvunje. Mti wa namna nyingine ukionekana mstarini utang'olewa. Mche ukifa, viboko.

Nimepewa mche. Mwembamba kama kidole. Matawi ya mkuyu yalikuwa bado yamelala mtaroni. Nimekata moja, nimelikita kando ya mche, nimefunga. Kijiti kikavu huliwa na mchwa hapa kwetu. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Jumapili, tarehe 1 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimechota maji korongoni, kwenye mashimo ya mchangani. Nilikuwa mwanamume peke yangu. Nyemo alikuwa akiimba akingoja maji yajae kwenye kata. Wimbo siukumbuki. Nakumbuka midomo tu.

Bi Zuhura alinikuta namwagilia. Nilimpa shikamoo, hakuiitikia.

"Mwanangu, kijiti unakiogesha, wewe mwenyewe hunawi uso?"

Nikanawa, kwa maji yaliyobaki. Ndipo akasema marahaba.

Jumatano, tarehe 18 Desemba

Mjohoro umekufa. Mbuzi walitafuna ncha, jua likamaliza. Viboko sivijali.

Lakini kijiti kimetoa macho. Matatu, ya kijani. Niliyagusa. Mkuyu huota kwa tawi. Nilikuwa nalijua hilo. Ua lote la kwao Nyemo ni vijiti vilivyoota. Alinionyesha mwenyewe mwaka niliompelekea babaye ng'ombe. Nililisahau, kama nilivyousahau wimbo.

Sasa naogopa. Sikuwa nimeogopa kitu tangu tumzike. Wataking'oa.

Jumatatu, tarehe 6 Januari

Nyapara wa barabara amepita na kamba yake. Aliung'oa mjohoro mkavu, akautupa. Kisha akakishika kijiti. Kilikuwa na majani.

Nilisema, "Tafadhali, bwana."

"Huu mjohoro gani?" akauliza.

Bi Zuhura akadakia kutoka barazani kwake. "Mjohoro wa Kigogo huo, wa hapa kwetu! Wa boma umekataa, huu umekubali. Mtaa mzima umekauka, nawe unataka kung'oa ulio hai. Bwana mkubwa wa boma akija utamwonyesha nini? Kamba?"

Nyapara akautazama mtaa. Miche mikavu, imefungwa kwenye vijiti vilivyoliwa na mchwa. Akacheka.

"Mama, ulimi wako ungetufaa siku ile ya kukata miti. Tusingeharibu shoka."

Aliinyoosha kamba. Kijiti kilikuwa nje ya mstari kwa upana wa kiganja. Nilikitazama kiganja chake. Akaisogeza kamba.

"Weka miiba, mbuzi wasifike," akaniambia. "Bwana mkubwa akiuliza, mimi najua barabara. Miti siijui."

Akaenda nyumba inayofuata. Viboko hakuvitaja. Nilibaki nimesimama mpaka Bi Zuhura akaniletea maji ya kunywa.

Jumamosi, tarehe 11 Januari

Mvua imenyesha mchana. Sikwenda korongoni. Nimeweka miiba. Nimekunywa uji, bakuli zima.

Ungo wa Nyemo umeegemea ukuta ndani. Msumari nimeuweka juu ya mlango. Kijiti bado chembamba kwa msumari.